Land Cruiser na Land Rover za zamani: Jinsi vipande vya bodi vilivyoliwa na kutu vinavyotengenezwa upya, na hesabu yake

Toyota iliacha kutengeneza Land Cruiser za mfululizo wa 40 nchini Japan mwaka 1984. Land Rover Series III ilifikia mwisho wake mwaka 1985. Pamoja na hayo, magari haya hayajatoweka katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki. Yapo yanayobeba samaki na mahindi, yapo ya mashambani na ya misheni, na yapo yaliyoegeshwa uani yakisubiri mwenyewe apate fedha.

Injini na gia za magari haya hufunguliwa na kufungwa karibu kila mji. Kinachoyaua ni kutu ya bodi. Mwenye gari hubaki na njia tatu: kuagiza kipande kipya ng'ambo, kukata bati na kukitengeneza hapa hapa, au kupaka pati juu ya kutu na kufunika kwa rangi. Njia ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo inayomtia hasara mnunuzi wa gari baada ya masika moja.

Jambo hili lina uzito wa kibiashara kwa sababu si rahisi kuleta gari jingine la umri ule ule kuchukua nafasi ya lililooza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu litengenezwe. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Kwa maneno mengine, zilizomo ndani ndizo zilizopo.

Aidha, wapo wanunuzi wa nje. Sheria ya Marekani hulisamehe gari lililofikisha miaka 25 masharti ya viwango vya usalama vinavyohusu magari mapya, hivyo Land Cruiser ya mwaka 1978 inaweza kuingia huko ikiwa na usukani wa kulia kama ilivyo. Mnunuzi wa aina hiyo hutazama bati kwanza na injini baadaye. Huja na sumaku mfukoni, kwa kuwa sumaku hushika chuma na hudondoka penye pati nene.

CHUMA NA ALUMINI NI KAZI MBILI TOFAUTI

Bodi ya Land Cruiser ya mfululizo wa 40 ni ya chuma, isipokuwa dari la FJ40 ya paa gumu ambalo ni la faiba. Hata hapo, mfereji wa chuma unaolizunguka dari hilo huoza. Land Rover ni habari nyingine. Ilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, ndipo bodi ikafanywa ya alumini. Lakini chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma, pamoja na fremu za milango zilizomo ndani ya ngozi ya alumini.

Ndiyo maana huonekana Land Rover inayong'aa kwa nje huku sehemu ya kuwekea miguu ikiwa na matundu. Metali hizi mbili zikigusana mahali penye maji, hasa ya chumvi, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Ukiona rangi imevimba kandokando ya mlango na chini yake pana unga huo, tatizo si rangi.

Kwa Land Cruiser, kutu hupenda mahali maji na tope vinapolala: sakafu chini ya zulia, vizingiti vya milango, kona za nyuma ya matairi, chini ya fremu ya kioo cha mbele, na mahali bodi inapokalia raba juu ya chesisi. Hapo mwisho ndipo pa hatari zaidi. Bodi ikishaachia raba zake, milango haifungi vizuri na mkanda wa kiti uliofungwa kwenye sakafu iliyooza haushiki kitu. Magari ya pwani na yanayobeba chumvi, mbolea au samaki huoza mapema kuliko ya bara. Mwenye pikapu ya samaki anayeosha bodi kwa juu tu na kuacha maji ya chumvi chini ya zulia anajidanganya.

KABLA YA KUKATA

Fundi mzuri hujulikana kwa saa zake za kwanza, kabla hajawasha mashine. Huvua zulia, viti na raba, hugonga kila sehemu kwa bisibisi, kisha husugua kwa brashi ya waya hadi aone chuma kizima kinapoanzia. Mpaka wa kukata huwekwa kwenye chuma hicho kizima, walau sentimita 2 hadi 3 nje ya kutu ya mwisho inayoonekana. Kuunga bati jipya na bati lililokonda ni kazi bure; moto hutoboa lile la zamani na tundu huzidi kukua.

Betri hufunguliwa na nyaya za alteneta huchomolewa. Tangi la mafuta hutolewa nje ya gari. Katika Land Rover nyingi za Series tangi lipo chini ya kiti, shibiri chache kutoka sakafu inayochomelewa. Na tangi tupu lisidharauliwe: mvuke uliobaki ndani hulipuka upesi kuliko petroli iliyojaa.

Kosa kubwa katika gereji za mitaani ni kukata kila kitu kwa siku moja. Bodi ya FJ40 iliyotolewa sakafu na vizingiti vyote viwili kwa pamoja hulegea. Ikichomelewa ikiwa imelegea, milango haitalingana tena na nguzo zake. Inatakiwa upande mmoja umalizike kwanza. Pale ambapo lazima pande zote zifunguliwe, bomba la mraba huchomelewa kwa muda kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na jingine la kukata kona, huku bodi ikiwa imefungwa kwenye chesisi yake na gari limesimama sawasawa. Milango huachwa mahali pake wakati wa kushikiza kizingiti, maana mlango wenyewe ndio kipimo.

Kipande kilichooza kisitupwe. Hata kikiwa nusu, kinaonyesha mikunjo, matundu ya boliti na mistari ya kukaza. Kama upande wa kulia umeoza kabisa na wa kushoto ungali mzima, karatasi ngumu hubandikwa upande wa kushoto, huchorwa, kisha hugeuzwa. Ila sehemu zote hazilingani kushoto na kulia. Sakafu ya dereva ina nafasi ya pedeli na nguzo ya usukani. Vipimo huchukuliwa kutoka matundu ya boliti yaliyo kwenye chuma kizima, kwa kuwa ukingo uliooza hauna ukweli.

BATI GANI LINUNULIWE

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Bati la kuezekea nyumba la geji 28 au 30 lina unene wa kama milimita 0.3 hadi 0.4 na halifai kwa gari, hata likikunjwa mara mbili. Kwa ngozi za nje na sakafu hutumika bati la takriban milimita 0.9 hadi 1.2, yaani geji 20 hadi 18. Mahali pa kubeba uzito, kama vishikizo vya raba za bodi, huhitaji milimita 1.5 hadi 2 au zaidi. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Wapo wauzaji wanaofurahia mkanganyiko huo.

Mfanyabiashara asiye na kipimo cha unene anaweza kutumia mizani. Shiti ya chuma ya futi 4 kwa 8 ina eneo la karibu mita za mraba 2.97. Chuma chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba, hivyo shiti hiyo inatakiwa kuwa na kilo 23.3. Ya milimita 1.2 ni kilo 28. Shiti inayouzwa kuwa ya milimita 1 ikipimwa na kutoa kilo 19, unene wake ni kama milimita 0.8, na bei iteremke kwa kadiri hiyo.

Shiti nyeusi iliyokandamizwa baridi ndiyo rahisi zaidi kukunja, kufua na kuchomelea, lakini hushika kutu mara tu ikilala nje usiku mmoja. Shiti ya galvanaizi huvumilia zaidi, ila zinki yake huchemka kwenye nyuzi 907 za Sentigredi wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake ni kwamba moshi mweupe hutoka kabla bati halijaungana. Moshi huo humletea fundi homa na kutetemeka usiku, na huacha vitundu ndani ya ungio. Zinki husuguliwa sentimita 2 au 3 kila upande wa ungio kabla ya kuchomelea, na kazi hufanywa mahali penye upepo. Kunywa maziwa, kama mafundi wengi wanavyoamini, hakuzuii chochote.

Bati la pipa la lita 200 nalo hutumika sana. Unene wake unaweza kutosha, lakini hubaki na mkunjo wa duara na halijulikani lilibeba nini. Pipa lisikatwe kwa gesi wala grainda kabla ya kuoshwa kabisa. Kwa kisanduku cha vifaa linafaa. Kwa bodi ya gari la kuuzwa, gharama ya shiti mpya si kubwa kiasi cha kuhalalisha pipa.

KUKUNJA NA KUFUA

Uzuri wa magari haya ni kuwa sehemu kubwa ya bodi zake ni bapa na mikunjo ya nyuzi 90. Karakana yenye mashine ya kukunjia bati ya mita moja na robo inaweza kutoa sakafu, kizingiti na ukuta wa nyuma bila kalibu za kiwandani. Mahali kama Kamukunji jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na Katwe jijini Kampala, kazi ya kukunja bati ni ya kila siku. Wanaokunja masanduku wana mikono inayofaa hata kama hawajawahi kugusa gari.

Hesabu ya mkunjo huwapiga chenga wengi. Bati hunyooka kidogo upande wa nje linapokunjwa, kwa hiyo jumla ya vipimo vya nje huzidi urefu halisi unaohitajika. Kwa bati la milimita 1 lililokunjwa nyuzi 90 kwa kona kali, hupunguzwa karibu milimita 2 kwa kila mkunjo. Mfano, sakafu ya upana wa milimita 600 yenye midomo miwili ya milimita 20: jumla ni 640, ikipunguzwa 4 hubaki 636. Fundi anayekata 640 hupata kipande kinachogoma kuingia, kisha hukipiga nyundo mpaka kiingie, na ndipo mawimbi yanapoanza. Kukunja kipande kidogo cha majaribio na kukipima ni kazi ya dakika tano.

Mistari iliyoinuka kwenye sakafu si pambo. Bila hiyo bati bapa hupiga ngoma barabarani na hupasuka kwenye viungio. Pasipo mashine ya mistari, hutumika ubao mgumu uliochongwa mfereji: bati hubanwa juu yake na kuzamishwa polepole kwa nondo iliyolazwa, kuanzia katikati kwenda mwisho. Mistari hupigwa kabla ya kukata vipimo vya mwisho, kwa sababu kila mstari huvuta bati na kulifupisha.

Madigadi na kona zenye mviringo zinahitaji mikono zaidi. Bati hutanuliwa kwa nyundo juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga au juu ya fuawe ya duara, na hukazwa kwenye kingo. Kipande kigumu kinaweza kugawanywa viwili au vitatu vyepesi kisha kuungwa. Fundi anayedai atatoa kona ya nyuma yenye mviringo kwa shiti moja na nyundo moja kwa siku moja aombwe aonyeshe aliyowahi kuifanya.

KUCHOMELEA BILA KUPINDISHA

Fimbo ya kawaida ya umeme inayochomelea mageti hutoboa bati la milimita 1. Mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 na gesi ya kukinga ndiyo inayofaa. Gesi ya oksijeni na asetilini hufanya kazi safi mikononi mwa mzoefu, lakini hueneza joto pana.

Ungio la ncha kwa ncha ni bora kwa ngozi ya nje. Kulaza bati jipya juu ya la zamani ni haraka, ila kati yake maji hujificha na kutu hurudi kabla mwaka haujaisha. Pakilazimika kulazwa, kama sakafuni, praima yenye zinki hupakwa kati na kingo zote huzibwa kwa sila.

Kwanza huwekwa nukta kila sentimita 2 au 3, kisha fundi huruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akiacha bati lipoe hadi mkono uweze kuligusa. Mstari mmoja mrefu wa moto hupindisha paneli na hakuna nyundo itakayourudisha vizuri. Kumwagia maji ili kuharakisha ni kuongeza mkunjo. Mteja anayemsimamia fundi kwa kumhimiza ajue ananunua pati.

Kwa Land Rover, alumini haichomelewi na chuma. Ngozi hukunjwa kwenye fremu au kushikwa kwa riveti za alumini, na kati ya metali hizo huwekwa rangi nzito, raba au utepe. Alumini iliyokakamaa hulainishwa kwa ujanja wa zamani: kipande cha sabuni hupakwa juu, bati hupashwa moto kutoka nyuma hadi sabuni igeuke nyeusi, kisha huachwa lipoe. Bila alama hiyo, alumini hufika kuyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kubadilika rangi, na kipande hudondoka chini ghafla.

Baada ya kuchomelea, ndani ya vizingiti na nguzo hupuliziwa nta maalumu kupitia matundu. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Wapo wanaoyaziba wakidhani ni kasoro. Oili chafu ya injini hulainisha kutu kwa muda, lakini huharibu raba za bodi na rangi mpya haishiki juu yake.

KUAGIZA AU KUTENGENEZA

Vipande vipya vya bodi za magari haya hutengenezwa na viwanda binafsi nje ya Afrika. Toyota yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kurudisha baadhi ya vipuri vya mfululizo wa 40, ikianza na vya injini na mfumo wa kuendesha magurudumu, jambo lisilomsaidia sana mwenye sakafu yenye matundu.

Tatizo la bodi ni ujazo. Wasafirishaji wa anga hutoza uzito wa ujazo: urefu, upana na kina kwa sentimita huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 6,000. Sanduku la madigadi la sentimita 120 kwa 80 kwa 30 hutozwa kama kilo 48, hata kama ndani kuna chini ya kilo 10. Kwa meli, vipande kadhaa vya wateja tofauti vikijazwa kwenye kontena moja gharama hushuka, lakini thamani ya ushuru hujumlisha bei, bima na nauli.

Kwa hiyo hesabu haijibiwi na bei ya kipande peke yake. Sakafu, vizingiti na kuta bapa karibu kila mara ni nafuu kukunjwa hapa. Fremu ya kioo cha mbele na kona za mviringo zinaweza kuwa nafuu kuagiza, kwa sababu saa za fundi ni nyingi na makosa huonekana.

Bei ya shiti nayo haifanani mpaka hadi mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza daraja la nne la ushuru wa asilimia 35 Julai 2022, na baadhi ya bidhaa za chuma zimo humo. Nchi wanachama pia huomba kila mwaka kutumia viwango tofauti kwa bidhaa fulani, na orodha hubadilika kila bajeti ya Juni. Shiti iliyo nafuu Kampala mwaka huu inaweza kuwa ghali mwakani.

Anayevusha vipande vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya anaweza kuomba kunufaika na uasilia. Kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani upo utaratibu uliorahisishwa na cheti kinachotolewa mpakani, ila kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya kupakia. Risiti ya shiti na ya karakana ziwekwe pamoja, kwani ofisa akiona kipande kipya kilichopakwa praima atadhani kimetoka ng'ambo.

NAMBA ISIGUSWE

Gari nyingi hukwama mpakani kwa sababu isiyohusiana na ubora wa bati. Kibao cha utambulisho kilikuwa kwenye ukuta wa injini, ukuta ukakatwa, kibao kikapotea, na namba ya chesisi ikafunikwa na rangi au kuliwa na grainda. Polisi hawana njia ya kutofautisha gari hilo na la wizi. Picha za namba na kibao zipigwe kabla ya kazi, namba ifunikwe kwa utepe wakati wa kusugua, na mabadiliko ya rangi yaandikishwe kwenye mamlaka ya usajili kabla gari halijavuka.

Malipo kwa fundi hugawanywa vizuri yakienda na hatua za kazi. Sehemu ya kwanza ni ya bati na gesi. Ya pili hutolewa paneli zikiwa zimeshikizwa kwa nukta na milango ikifunga yenyewe. Ya tatu hulipwa viungio vyote vikiwa vimekamilika na kusuguliwa, kabla ya praima. Hatua hiyo ya tatu ndiyo ya kwenda gereji mwenyewe na tochi na kulala chini ya gari, kwa kuwa rangi ikishapita, kilichomo chini yake hakionekani tena.